Roboti ilipogonga mwamba kwenye shingo ya kizazi

Jina la roboti linapotosha. Ukisikia mwanamke ametolewa kizazi kwa roboti, unaweza kudhani mashine ndiyo iliyoamua pa kukata. Haiamui chochote. Daktari bingwa huketi hatua chache kutoka kitanda cha upasuaji, ameinamia kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa ukubwa na kina, vidole vyake vikichezesha vishikio viwili. Vyombo vya mashine, vilivyopenyezwa kwenye matundu ya milimita 8 hivi, humfuata kila anapogeuza kiganja, tena bila kutetemeka. Tumbo lenyewe hujazwa kwanza hewa ya kabonidayoksaidi ili liinuke.

Mashine maarufu zaidi, da Vinci ya kampuni ya Marekani Intuitive Surgical, iliruhusiwa nchini humo kwa upasuaji wa magonjwa ya wanawake mwaka 2005. Ilipendwa haraka: damu inayopotea ni kidogo, maumivu ni kidogo, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani kesho yake. Kwa saratani ya mfuko wa kizazi faida hiyo si ya mapambo. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, wengi wao wanene, na mshono mrefu kwenye tumbo nene hupona kwa tabu. Majaribio makubwa ya upasuaji wa matundu madogo yalionyesha kwamba wagonjwa hawa huishi sawa na waliopasuliwa tumbo wazi.

Basi ikadhaniwa kwamba kinachoufaa mfuko kitaifaa na shingo yake.

Mwaka 2018, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililoongozwa na Pedro Ramirez wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston. Wanawake 631 wenye saratani ya shingo ya kizazi ya hatua za mwanzo waligawanywa kwa kura. Ilipofika miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikadiriwa kuwa asilimia 96.5 kwa tumbo wazi, na 86 kwa matundu. Jaribio lilikuwa limesitishwa kabla ya kukamilika. Februari 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa tahadhari kuhusu roboti kwa saratani hiyo.

Tuitendee haki mashine: katika kundi la matundu, waliopasuliwa kwa roboti walikuwa kama mmoja kati ya sita tu. Ndiyo maana watafiti wa Sweden walianzisha jaribio la kuipima roboti peke yake dhidi ya tumbo wazi.

Mjadala huu unawahusu waliogunduliwa mapema. Kwetu Afrika Mashariki wengi hufika hospitali uvimbe umeshavuka mipaka ya kisu, na tiba yao huwa mionzi na dawa.

Kwa nini shingo ikatae? Inashukiwa kwamba kifaa kinachopitishwa ukeni kusukuma kizazi huuponda uvimbe, kwa sababu uko mlangoni kabisa, wakati ule wa mfuko umejificha ndani. Kisha uke ukikatwa kutokea juu, seli za saratani humwagika kwenye tumbo lililojaa hewa. Baadhi ya wapasuaji sasa wameacha kifaa hicho. Hushona uke kwanza, chini ya uvimbe, ndipo wakate, kizazi kitoke kimefungwa kama mzigo ndani ya gunia.