Bangili zing'aazo, jasho la Firozabad

NI vigumu kuhudhuria harusi ya Wahindi usisikie mlio wa bangili za kioo mikononi mwa bibi harusi. Katika jamii nyingi za Wahindu, bangili ni alama ya mke aliye na mume. Kwa desturi ya kale, akifiwa na mumewe huzivunja.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza bangili hizo hutoka wapi?

Nyingi hutengenezwa Firozabad, mji ulio katika jimbo la Uttar Pradesh, kiasi cha kilomita 40 mashariki mwa Agra. Huko kazi ya kioo hurithiwa, baba akimfundisha mwana.

Malighafi yenyewe si ya ajabu: mchanga safi, chokaa na magadi, kama yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi hapa kwetu. Mchanganyiko huyeyushwa katika tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,000 za sentigredi. Fundi huchota donge jekundu kwa ncha ya fimbo ya chuma na kuliwahisha kwa mwenzake kabla halijapoa. Donge huvutwa likawa uzi, nao hujizungusha kwenye mtaimbo unaozunguka hadi ukafanana na springi ndefu. Springi hiyo ikikatwa kwa urefu wake, hupatikana bangili nyingi ambazo ncha zake hazijaungana.

Hapo kazi ya kiwandani hukoma na ya nyumbani huanza. Bangili hufungwa mafungu na kupelekwa vichochoroni. Ndani ya vyumba vyenye giza, kina mama huketi mbele ya miali midogo ya moto wakiunganisha ncha hizo, bangili moja baada ya nyingine. Malipo hutegemea idadi ya mafungu. Vidole huungua, macho huchoka na kifua hujaa moshi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996. Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vilivyo karibu na Taj Mahal viache kutumia makaa ya mawe, kwa kuwa moshi wake ulikuwa ukiharibu marumaru ya jengo hilo maarufu. Matanuri ya Firozabad yakaanza kutumia gesi asilia. Jengo likapata mtetezi, lakini mama wa kichochoroni akabaki na moshi wake.

Watoto nao hawakusalimika. Sheria ya mwaka 1986 iliwakataza walio chini ya miaka 14 kufanya kazi za hatari, ila haikugusa karakana za nyumbani ambako mtoto huwasaidia wazazi wake. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipiga marufuku kuwaajiri watoto wa umri huo, na msaada kwa wazazi ukaruhusiwa baada ya masomo tu, tena usiwe wa hatari. Lakini ni nani atakayebisha hodi kila mlango kukagua?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wa Firozabad huchumia motoni, na kivuli hukaliwa na wengine.

Basi mama, siku binti yako atakapokuomba umnunulie bangili za kioo, mnunulie, maana ndizo riziki ya watu. Kisha umwonyeshe ile alama ndogo ncha zilipoungana, na umweleze kuwa hapo palipita mkono wa mtu.