Si Kila Kinachotoka Marekani Kilizaliwa Marekani

Swali hili huulizwa kila uchao, na kila mara huulizwa vibaya: Waingereza wafanye nini ili misemo ya Kimarekani isizidi kuwaharibia lugha? Anayeuliza hivyo ameshameza mambo mawili bila kuyatafuna. La kwanza, kwamba maneno yanayomkera yametoka Marekani. La pili, kwamba neno likitoka huko basi ni bovu. Orodha ya washtakiwa nayo ni ile ile miaka nenda miaka rudi: “gotten”, “I guess”, “fall” kwa maana ya majira ya kupukutika majani, “soccer”, na tahajia ya “-ize”. Ipeleke orodha hiyo kwenye kamusi ya kihistoria, ile inayoonyesha neno lilianza kuandikwa lini na wapi, uone kama kuna shtaka litakalosimama.

“Gotten” alilitumia Shakespeare, na limo katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka 1611. Wahamiaji walivuka nalo Atlantiki. Waliobaki Uingereza wakaliacha pole pole, ingawa “forgotten” hawakuligusa na hadi leo hakuna anayelilalamikia. “I guess” limo katika maandishi ya Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, wakati hakuna Mwingereza aliyejua kuwa kuna bara upande wa pili wa bahari. “Fall” lilisemwa Uingereza katika karne ya 16. “Autumn”, linalotetewa leo kama mali ya ukoo, lilipokewa kutoka Kifaransa. “Soccer” ni kifupisho kilichobuniwa na wanafunzi wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, na magazeti ya Uingereza yaliendelea kukitumia bila kuona haya kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Ama “-ize”, chimbuko lake ni Kigiriki, na kamusi kubwa ya Oxford inaifuata mpaka sasa. “-Ise” ndiyo iliyopitia Ufaransa. Mlalamikaji anayeikata “-ize” kwa kalamu nyekundu anatetea mtindo wa Kifaransa kwa jina la Uingereza, dhidi ya kamusi ya Oxford. Mkataa kwao ni mtumwa.

Watetezi wa orodha husema: sawa, hayo ni machache, lakini yapo yaliyozaliwa Marekani kweli. Yapo, na historia yake inawaumbua zaidi. “Belittle” linahusishwa na Thomas Jefferson. Kitabu chake kilipotoka London mwaka 1787, mhakiki mmoja alilifanyia kejeli za wazi. “Lengthy” nalo lilisimangwa kama ushamba wa ng’ambo. Leo maneno yote mawili yanaandikwa na wahariri wale wale wanaochapisha malalamiko, wala hawahisi chochote. Mwaka 1832 mshairi Coleridge alilikemea neno “talented” na kuitupia Marekani lawama, ilhali lilikuwa limeshatumika Uingereza. Kwa hiyo hata mabingwa wa lugha hawawezi kutambua neno la Kimarekani kwa sikio. Mwanaisimu Arnold Zwicky alilipa jina kosa hili mwaka 2005: ni udanganyifu wa upya, yaani kudhani kwamba jambo ulilolitambua juzi limeanza juzi. Sikio lililokwisha kukereka hunasa kila “gotten” inayopita na kuachia mamia ya maneno mengine yapite salama, kisha mwenye sikio anatangaza kuwa nchi imevamiwa.

Wengine watauliza: ina maana athari ya Marekani haipo? Ipo, tena kubwa. Waingereza huandika “program” wanapozungumzia kompyuta na “programme” wanapozungumzia televisheni, na chanzo cha mgawanyo huo kinajulikana. Zito kuliko yote ni hili: zamani “billion” ya Uingereza ilikuwa milioni milioni, lakini mwaka 1974 serikali ya Harold Wilson ilitangaza kwamba katika takwimu zake itatumia maana ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja. Hapo neno la kigeni limeigusa hesabu ya taifa, na limekuja kwa uamuzi wa serikali yenyewe. Mbona halimo kwenye orodha? Kwa sababu orodha haikukusudiwa kupima madhara, inapima karaha. Mwanamfalme Charles alipoonya mwaka 1995 kwamba Kimarekani kinakiharibu Kiingereza, filamu za Hollywood zenye sauti zilikuwa zimeonyeshwa Uingereza kwa zaidi ya miaka 60, na Waingereza bado walikuwa wanapanda “lift”, wanatembea juu ya “pavement” na kuandika “colour” kwa herufi ya u. Wanafanya hivyo hadi leo. Mtu akichukia ukubwa wa Marekani katika siasa na biashara, ana haki yake, na aliseme hilo waziwazi. Asilivishe joho la sarufi.

Dawa inayouzwa na walalamikaji hawa ni kupiga marufuku: chombo cha kusimamia lugha, au orodha ya maneno haramu ukutani. Jonathan Swift aliomba chombo cha namna hiyo mwaka 1712 na hakikuundwa. Ufaransa inacho tangu 1635, ikaongeza na sheria ya lugha mwaka 1994, na Wafaransa wanaendelea kutakiana “week-end” njema. Dawa iliyojaribiwa kwa karne kadhaa bila mgonjwa kubadilika haina haja ya kuongezewa dozi.

Yenye maana ni machache. Chagua tahajia moja na usiichanganye: ukiandika kwa Uingereza, au kwa shule zetu za Afrika Mashariki zilizorithi mtindo wake, “colour” ni lazima, “-ize” inaruhusiwa kwa wafuasi wa Oxford, ila “analyse” haichukui z. Mtihani au mhariri akitaja mtindo, ufuate bila ubishi. Usiandike 4/7 kwa msomaji usiyemjua, maana London ni Julai na Chicago ni Aprili; taja mwezi kwa jina. Na ogopa maneno yenye maana mbili zinazopingana. “To table” kwa Mwingereza ni kuleta hoja ijadiliwe, kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Churchill ameandika jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilhali walitaka jambo moja. Ukiwa na hasira ya kutumia, itumie hapo.