Msailiwa, Itaje Kazi Yako

Tangazo la kuitwa kwenye usaili likitoka Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huku Mvumi, Ugogo, hawakosekani vijana wanaoanza kusaka nauli ya Dodoma. Kutoka Mvumi Mission hadi mjini ni takriban kilomita 40. Wengi wao wamesoma vizuri, na baadhi wamefunzwa kazi na wauguzi na matabibu hodari wa Hospitali ya Mvumi. Ninachohofia ni jinsi watakavyojieleza wakifika mbele ya jopo.

Kijana wa Kigogo hufundishwa kumwamkia mkubwa kwa heshima, “mbukwenyi” ikitangulia maneno mengine yote. Husubiri aulizwe, hapandishi sauti, hajisifu. Ni malezi mema, aende nayo. Lakini akiulizwa na jopo amewahi kufanya nini, hujibu kwa sauti ya chini: “Tulikuwa tunasaidia tu.” Hapo ndipo anapopoteza nafasi. Wajumbe wana maswali waliyoyaandaa na karatasi za alama. Hawakuwepo wodini wala darasani, kwa hiyo kazi usiyoitaja hawawezi kuipa alama.

Tuchukue mfano wa tabibu kijana aliyefanya mazoezi na timu ya macho, kwa kuwa trakoma, yaani maradhi ya vikope, imewatesa watu wa Ugogo kwa miaka mingi. Anaulizwa aliwahi kukutana na ugumu gani kazini. Jibu zuri lina hali ilivyokuwa, alichotakiwa kufanya, alichofanya yeye mwenyewe na mwisho wake: “Tulifika kijijini, kina bibi wakakataa upasuaji wa vikope, wakiogopa kupofuka. Mimi nilipangiwa kuwaelimisha. Nilimtafuta bibi mmoja aliyekwisha kufanyiwa, nikamwomba awaeleze mwenyewe. Siku hiyo wanne walikubali.” Hakuna majivuno hapo. Ni taarifa ya kweli, na timu imepewa heshima yake bila kijana kujifuta.

Swali usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungemuuliza nani au ungesoma mwongozo upi. Katika kazi za afya, anayebahatisha jibu mbele ya jopo anawatia wajumbe hofu kwamba atabahatisha na dawa.

Maandalizi yaanzie kwenye tangazo lenyewe. Soma majukumu ya kazi uliyoomba, kila jukumu ulitafutie tukio moja ulilolipitia. Usaili wa serikali aghalabu huanza na mtihani wa kuandika wa mchujo, ndipo yafuate mahojiano ya ana kwa ana, kwa hiyo usiende ukidhani ni mazungumzo tu. Beba vyeti halisi: cha kuzaliwa, vya shule na vya taaluma, pamoja na kitambulisho. Kada zenye mabaraza ya taaluma hudaiwa pia cheti cha usajili na leseni hai. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, shughulikia hati ya kisheria mapema. Hilo halirekebishiki asubuhi ya usaili, na wapo wanaorudishwa mlangoni kwa sababu hiyo.

Siku yenyewe, ikiwezekana lala mjini, maana basi la asubuhi likichelewa jopo halitakusubiri. Nguo iwe safi na ya heshima, hata kama si mpya. Zima simu. Salimu, keti ukikaribishwa, mtazame anayekuuliza, kisha jibu ukiwagawia macho na wenzake. Kumtazama mjumbe usoni ukijibu si utovu wa adabu. Ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza juu ya kazi.

Adabu yako isigeuzwe mtego. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa au maambukizi ya VVU, na inamlinda hata mwombaji wa kazi. Ukiulizwa utazaa lini, una haki ya kurejesha mazungumzo kwenye uwezo wako, kwa upole. Anayekudai fedha au mwili wako ili akupe ajira anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga 113 uwaeleze TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Wengi wetu tumewafunza watoto hawa kunyamaza mbele ya wakubwa. Basi ni sisi tunaopaswa kuwafunza pia kusema. Walimu, matabibu, wachungaji na wastaafu wa Mvumi, kaeni watatu nyuma ya meza Jumamosi moja, mwiteni kijana mmoja mmoja, mumuulize maswali ya kweli. Akisema “tulisaidia tu,” mwambieni: hapana mwanangu, tueleze wewe ulifanya nini.