Mfuniko wa tangi la lori: kipuri kidogo, hesabu kubwa

Mfuniko wa tangi la dizeli ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye lori la masafa marefu, lakini unalinda kitu ambacho mwenye lori hukinunua upya kila safari. Semi-trela inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma huenda zaidi ya kilomita 900. Ikiwa na shehena kamili, hutembea kama kilomita 2 kwa lita, hivyo safari ya kwenda peke yake hula lita 450 au zaidi. Mafuta hayo yamo kwenye tangi moja au mawili yaliyofungwa ubavuni mwa chasisi, usawa wa mkono wa yeyote anayepita, na hulala hapo usiku kucha dereva anapopumzika Mafinga au Makambako. Wanaotoka Mombasa kwenda Malaba hupumzika Mlolongo na Salgaa.

Wizi wa mafuta hufanyika kidogo kidogo. Lita 20 zikinyonywa kutoka tangi la lita 400 ni asilimia 5 tu, na mshale wa geji hauonyeshi tofauti ya maana. Mwenye lori huiona hasara mwisho wa mwezi, anapolinganisha risiti na kilomita. Ndiyo maana bei mpya za mafuta zinapotangazwa na mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa Tanzania, na EPRA tarehe 14 kwa Kenya, huwa habari nzito kwenye yadi za malori.

Mifuniko huuzwa kwa mawakala wa kampuni za malori, na kwenye maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani au Kirinyaga Road mjini Nairobi. Wanunuzi wengi huuliza kwanza kuhusu kufuli, kisha wanautazama mng'ao. Mpangilio huo umepinduka. Kazi ya kwanza ya mfuniko ni kuingiza hewa na kuzuia maji; kufuli huja baadaye.

Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa na kutumia lita moja kwa kila kilomita 2 hunywa lita 30 kwa saa, na lazima hewa ya ujazo huohuo iingie tangini. Baadhi ya matangi yana bomba lake la kupumulia juu. Mengine hutegemea tundu dogo lenye vali ndani ya mfuniko. Mfuniko usio na tundu ukifungwa kwenye tangi la aina ya pili, injini huanza kukosa nguvu mlimani. Dereva husimama, hufungua mfuniko, husikia hewa ikivutwa kwa mfyonzo, na gari hupata nguvu kana kwamba halikuwa na tatizo. Baada ya mwendo mwingine hali hurudi. Fundi asiyejua chanzo hubadilisha filta, kisha pampu, na tangi lenyewe linaweza kubonyea. Tundu lazima lipumue pande zote mbili: kutoka Mombasa hadi Timboroa barabara hupanda takriban mita 2,700, kanieneo ya hewa hupungua kwa zaidi ya robo, na hewa iliyo tangini hutafuta njia ya kutoka.

Maji nayo yana gharama yake. Injini za sasa hupuliza dizeli kwa msukumo wa bar 1,600 na zaidi, na injekta zake hazistahimili maji. Mpira wa mfuniko uwe wa naitraili, kwa kuwa mpira wa kawaida huvimba ukiloa dizeli, kisha huchanika na kupitisha mvua.

Kipimo hakikisiwi. Malori mengi ya Ulaya hutumia mfuniko wa masikio unaozungushwa kidogo na kukaza, kwa shingo ya milimita 60 au 80. Mengine yana nyuzi. Mnunuzi makini huenda dukani na mfuniko wa zamani mkononi, hulinganisha masikio na kina chake, kisha hupuliza tundu kwa mdomo kuhakiki kama lipo wazi.

Kuhusu metali, chuma kilichopakwa kromu hupendeza dukani na kubanduka pwani. Chuma cha pua cha daraja la 304 kinatosha bara. Kwenye chumvi ya Tanga au Mombasa, daraja la 316, lenye molibdenamu, hudumu zaidi. Chuma cha pua kikigusana na shingo ya alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huliwa, kwa hiyo kati yao panahitaji mpira au grisi. Wenye malori wengine humwita fundi achomelee komeo na kufuli juu ya tangi. Jambo hilo ni la hatari: mvuke uliobaki kwenye tangi linaloonekana tupu unaweza kulipuka, na mkanda wa kubana kwa boliti hufanya kazi hiyohiyo bila moto.

Kinga nyingine ni wavu wa chuma unaozamishwa shingoni ili mpira wa kunyonyea usipite. Wavu husaidia, ila dizeli hutoa povu, pampu ya kasi hujikatia, na kujaza huchukua muda mrefu. Tena mwizi ana njia nyingine: boliti ya kumwagia iliyo chini ya tangi, bomba la kurudishia mafuta, au risiti inayoonyesha lita ambazo hazikuingia. Boliti ifungwe waya na lakiri. Risiti ni kazi ya ofisi.

Kwenye pikapu hesabu ni nyingine. Kinachoonekana ni kimlango cha bodi, na mfuniko halisi uko ndani. Marekani kuna soko kubwa la vimlango vya alumini iliyochongwa, na huko urembo ndio unaonunuliwa. Kwa Hilux au D-Max ya kazini, kimlango kinachofungwa kwa boliti kwenye bawaba za asili ni bora kuliko kifuniko cha kubandika, ambacho hukusanya tope nyuma yake hadi rangi inatoka.

Linabaki suala la ufunguo. Kwenye safari ndefu lazima awe nao dereva, kwa hiyo kufuli humzuia mtu wa nje tu. Dereva hupimwa kwa lita na kilomita, na hapo haki inahitaji fizikia kidogo. Lita 600 za dizeli yenye joto la nyuzi 32 zikipoa hadi nyuzi 12 alfajiri ya Mafinga, hupungua kwa takriban lita 10 bila mtu kugusa mfuniko. Kabla ya kumkata dereva mshahara, joto la mafuta liandikwe pamoja na kipimo cha jioni na cha asubuhi.