Entropia na Maji ya Mchangani Ukambani

Katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako mito mingi hutiririka wakati wa mvua tu kisha ikabaki mikondo ya mchanga, kukauka kwa maji baada ya mafuriko kupita huelezwa kwa sehemu kubwa na kanuni ya pili ya themodinamiki, yaani taaluma ya joto na nishati. Kiini cha kanuni hiyo ni entropia, kipimo kilichopewa jina na Rudolf Clausius wa Ujerumani mwaka 1865, na ambacho aghalabu huelezwa kuwa kipimo cha vurugu. Maelezo hayo si mabaya, ila yamelegea. Mwaka 1877 Ludwig Boltzmann wa Austria aliyakaza kwa kuonyesha kwamba entropia hutegemea idadi ya namna ambazo chembe za kitu zinaweza kujipanga bila ujazo wala nishati yake kubadilika, na kwamba kitu kisichoingiliwa na kingine huelekea kwenye hali yenye namna nyingi zaidi.

Maji ya silanga, lile bwawa la wazi la udongo, yanalidhihirisha jambo hili. Molekuli za maji hushikamana, na kuzitenganisha katika halijoto ya nyuzi 30 za Selsiasi kunahitaji jouli 2,430 hivi kwa kila gramu, kwa hiyo kama nishati pekee ndiyo ingeamua, maji yangebaki bwawani. Hayabaki, kwa sababu gramu moja, ambayo haizidi ujazo wa kizibo cha chupa, ikigeuka mvuke uliokolea huenea katika lita 33 hivi, na humo molekuli zina namna nyingi mno za kujipanga. Hesabu ya Clausius ni nyepesi: joto lililofyonzwa likigawanywa kwa halijoto hiyo katika kipimo cha Kelvini, ambayo ni 303, inaonekana kwamba entropia ya maji imepanda kwa takriban jouli 8 kwa kila kelvini. Hewa ikiwa kavu, mvuke hutawanyika zaidi, na entropia huzidi kupanda.

Hata hivyo kanuni hii hueleza mwelekeo wa mabadiliko, wala haisemi lolote kuhusu kasi yake, na hapo ndipo bwawa la mchanga linapopata nafasi. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu. Mafuriko hujaza mchanga mzito nyuma yake, huku matope laini yakipita juu ya ukuta, na maji hukaa katika nafasi zilizo kati ya punje. Tabaka la juu likishakauka, jua na upepo haviyafikii tena maji ya chini, na mvuke hulazimika kujipenyeza polepole hadi juu. Utengano huo wa mchanga na matope, unaofanana na mpangilio uliojileta wenyewe, hauivunji kanuni, kwani maji yanayoporomoka hugeuza nishati yake kuwa joto, na entropia ya jumla huongezeka.

Wakfu wa SASOL umejenga mabwawa mengi ya aina hii Kitui tangu miaka ya 1990. Mchanga ukichotwa na malori ya wajenzi, maji hukosa kifuniko na hukauka upesi. Ili kudhibiti uchotaji huo, Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015.