Daktari Kijana na Hesabu ya Usaili

Mkulima wa Moshono, mashariki mwa jiji la Arusha chini ya Mlima Meru, aghalabu hatii punje moja tu ya mahindi katika shimo. Hutia mbili, pengine tatu. Hafanyi hivyo kwa kutaka mashina matatu mahali pamoja, bali kwa kuwa ajua si kila punje huota. Wala hatii kumi, maana mbegu ni mali, na mimea iliyosongamana hunyang'anyana maji na rutuba. Kati ya moja na kumi ipo idadi ifaayo.

Swali lilo hilo humkabili daktari kijana atafutaye nafasi ya kujifunza ubingwa: akiitwa na hospitali nyingi, akubali kusailiwa mara ngapi? Nchi ambayo swali hili limechunguzwa sana ni Marekani, na majibu yake yana manufaa hata kwa kijana wa Moshono asiyekusudia kuvuka bahari.

Utaratibu wa Marekani

Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani zilishindana vikali kuwapata madaktari wapya. Baadhi ya wanafunzi waliahidiwa nafasi karibu miaka miwili kabla ya kuhitimu. Kisha, tarehe za kutoa nafasi zilipowekwa, wengine walipewa saa chache tu za kujibu. Mwaka 1952 ukaanza kutumika mpango wa pamoja. Baada ya usaili, kila daktari huziorodhesha hospitali kwa kadiri azipendavyo, na kila hospitali huwaorodhesha madaktari vivyo hivyo. Ofisi moja hulinganisha orodha zote na kutoa matokeo kwa siku moja.

Mwaka 1962 wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walithibitisha kwamba ulinganishaji wa namna hii waweza kufanywa pasibaki daktari na hospitali ambao wangependelea kuchukuana wao kwa wao kuliko walivyopangiwa. Alvin Roth alionyesha mwaka 1984 kwamba mpango wa madaktari ulikuwa umekwisha kutumia kanuni hiyo kwa miaka mingi. Yeye na Elliott Peranson waliutengeneza upya, ukaanza kutumika mwaka 1998. Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa amefariki mwaka 2008.

Lakini kanuni hiyo, pamoja na uzuri wake, hulinganisha majina yaliyomo katika orodha tu. Kwa kawaida hospitali haimworodheshi mtu isiyemsaili. Ndiyo sababu hesabu ya usaili ina uzito.

Hesabu yenyewe

Chukulia kwamba kila usaili una uwezekano wa 1 katika 5 wa kumpatia daktari nafasi. Uwezekano wa kukosa mara moja ni 0.8, wa kukosa mara mbili mfululizo ni 0.8 × 0.8, yaani 0.64, na wa kukosa mara zote n ni 0.8 kwa kipeo cha n. Basi uwezekano wa kupata walau nafasi moja ni 1 ukiondoa kipeo hicho. Akisailiwa mara 1 ni asilimia 20. Mara 5, asilimia 67. Mara 10, asilimia 89. Mara 15, asilimia 96. Mara 20, asilimia 99.

Msomaji aangalie jinsi faida inavyopungua. Usaili wa tano huongeza asilimia 8, wa kumi huongeza chini ya 3, na wa ishirini hauongezi hata theluthi moja ya asilimia. Uhakika kamili haufikiwi kamwe. Kwa hiyo daktari hapaswi kuuliza, "Je, usaili huu utaniongezea bahati?" Jibu la swali hilo ni ndiyo daima. Aulize kama nyongeza hiyo inazidi gharama yake. Kutoka Arusha hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 400, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 600. Kuna nauli na malazi, na kwa daktari mtarajali kuna zamu ya wodini ambayo lazima mwenziwe aishike.

Idadi moja haiwafai wote. Mwenye uwezekano wa 1 katika 2 hufikia asilimia 97 kwa usaili wa mara tano tu; mwenye 1 katika 20, hata akisailiwa mara kumi, yu katika asilimia 40.

Hesabu hii ina sharti pia: matokeo ya usaili mmoja yasitegemee ya mwingine. Ukame ukija, punje tatu hukauka pamoja. Vivyo hivyo, daktari ambaye barua zake za sifa ni dhaifu, au asiyejiandaa kujibu maswali, aweza kukataliwa kote kwa sababu moja. Huyo hasaidiwi na wingi wa usaili. Aondoe kwanza ile sababu.

Haki ya mwenzako

Kuna gharama nyingine isiyolipwa na anayesailiwa. Tuseme zipo hospitali 10, kila moja ina nafasi 2 na yaweza kusaili watu 10. Waombaji ni 40. Ikiwa 10 walio bora watahudhuria kila mahali, wamemaliza usaili wote 100. Wao 10 watapata nafasi, nafasi 10 zitabaki wazi, na waombaji 30 hawatakuwa wameonana na hospitali hata moja. Lau kila mmoja wa wale 10 angetosheka na mara 4, usaili 60 ungebaki kwa wenzao, yaani mara 2 kwa kila mmoja.

Jambo hili lilizidi kutiliwa maanani baada ya mwaka 2020, wakati maradhi ya UVIKO-19 yalipoufanya usaili wa Marekani uendeshwe kwa video. Nauli ilipotoweka, kizuizi cha kupokea kila mwaliko kilitoweka nayo. Nchini Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu humtaka mwombaji aliyechaguliwa na vyuo kadhaa athibitishe kimoja tu, ili nafasi nyingine ziwafikie wenzake. Msingi ni ule ule.

Zoezi la darasani

Mwalimu atie vikaratasi vitano katika kopo, kimoja kikiwa na alama. Kila mwanafunzi achomoe kimoja, akirudishe, atikise kopo, na kurudia hadi apate chenye alama, huku akiandika idadi ya majaribio. Matokeo ya darasa zima yachorwe katika grafu na kulinganishwa na hesabu iliyo juu. Kisha darasa lijadili: ikiwa kila jaribio lingegharimu shilingi 50,000, wangeacha wapi, na kwa nini?