Nyimbo za Watoto Zilizovuka Mpaka

Wananchi wa Brazil husema Kireno, ilhali majirani zao wengi husema Kihispania. Lugha hizo mbili ni ndugu, maana zote zimezaliwa na Kilatini; lakini udugu huo hautoshi kumwezesha mtoto mdogo kuufahamu wimbo wa upande wa pili. Ndiyo maana santuri ya Kihispania iitwayo Todos Sus Éxitos, yaani "Vibao Vyake Vyote", iliyotolewa mwaka 1993, inastahili kuangaliwa na wazazi. Ni mkusanyo wa nyimbo zilizopendwa za mwimbaji wa watoto kutoka Brazil, Maria da Graça Meneghel, ajulikanaye kwa jina la Xuxa, ambalo hutamkwa "Shusha".

Xuxa alizaliwa tarehe 27 Machi 1963 katika mji wa Santa Rosa, kusini mwa Brazil, si mbali na mpaka wa Argentina. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na jamaa hiyo ilihamia Rio de Janeiro binti huyo akingali mdogo. Alianza kwa kuonyesha mitindo ya mavazi, kisha mwaka 1983 akakabidhiwa kipindi cha watoto katika televisheni. Tangu 1986 hadi 1992 aliongoza kipindi cha Xou da Xuxa, kilichowakusanya watoto wa Brazil mbele ya televisheni kila asubuhi. Santuri yake ya mwaka 1988 iliuzwa zaidi ya nakala milioni 3. Mwaka 1991 alianza kuongoza kipindi cha Kihispania mjini Buenos Aires, nacho kikatazamwa katika nchi nyingi za bara hilo.

Kuzihamisha nyimbo hizo hakukuwa kazi ya mkalimani peke yake. Kibao chake mashuhuri, Ilariê, kilivuka kwa wepesi, kwa kuwa neno hilo halina maana katika Kireno wala Kihispania. Ni sauti ya furaha tu, na mtoto huidaka kwa miguu kabla ya kuidaka kwa akili. Wimbo wa kufundisha alfabeti ni shughuli nyingine. Dirisha kwa Kireno ni janela, na kwa Kihispania ni ventana. Atakayefasiri neno kwa neno atawapotosha watoto herufi. Hana budi kutafuta mfano mwingine uanzao na herufi ileile, na uingie katika mapigo yaleyale ya muziki.

Hata hivyo, sifa hizo hazikukosa lawama. Wachunguzi walisema kwamba kipindi kilichowafundisha watoto kuimba kiliwafundisha pia kununua, maana jina la Xuxa lilibandikwa juu ya wanasesere, viatu na bidhaa nyingine nyingi. Walisema tena kwamba wasichana waliomsaidia jukwaani, walioitwa Paquitas, walikuwa weupe na aghalabu wenye nywele za rangi ya dhahabu, katika nchi yenye mamilioni ya watu wa asili ya Kiafrika. Msichana mweusi aliucheza wimbo kwa furaha, lakini hakumwona jukwaani mtu anayefanana naye.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa kila nyumba yenye redio au televisheni. Wimbo wa mtoto haubebi maneno peke yake; hubeba pia picha ya nani apendezaye na kitu gani kinachofaa kutamaniwa. Mzazi arudiye kutoka zamu akiwa amechoka huona heri watoto wametulia mbele ya muziki, wala si kosa. Lakini na aketi nao japo kwa wimbo mmoja, awaulize wameelewa nini, kisha awaimbie mmoja wa nyimbo alizolelewa nazo. Watoto wa Argentina waliimbiwa kwa lugha yao na mgeni aliyefanya bidii ya kujifunza. Mtoto wa nyumbani anastahili kuimbiwa kwa lugha yake na mzazi wake mwenyewe.